Saratani ya Matiti na Njia ya Kwenda Hospitali

(Hotuba iliyotolewa na mwuguzi wa hospitali ya wilaya mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu.)



 Nilipopokea barua ya Katibu wa Chama ikinialika kusema maneno machache katika sherehe hii, kwanza nilidhani barua imepotea njia. Mimi si bingwa wa kahawa, wala sijui bei ya mnadani itakuwaje mwaka ujao. Lakini nimezaliwa katika nyumba ya mkulima, na karo ya shule iliyonifanya niwe mwuguzi ilitoka katika malipo ya pili ya kahawa ya marehemu baba yangu. Kwa hiyo nimekuja kama mtoto aliyesomeshwa na kahawa, aliyerudi nyumbani kutoa hesabu.

Hesabu yenyewe si ya fedha. Ni hesabu ya mama mmoja, na nitaanza na habari zake kabla ya kusema neno jingine lolote.

Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya msimu wa mavuno, alinijia mama mmoja ambaye alikuwa mwanachama wa chama cha msingi katika eneo letu. Jina lake silitaji, maana watoto wake wangali wanaishi kati yetu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Akanionyesha donge katika titi lake la kushoto, donge lisilozidi ukubwa wa buni moja. Nikamwuliza, "Linauma, mama?" Akanijibu, "Haliumi, mwanangu." Nami, kwa ujinga wangu wa siku zile, nikafurahi. Nikamwambia kwamba kama haliumi hakuna neno, huenda ni maziwa yaliyoganda, kwa kuwa alikuwa amemwachisha mtoto karibuni. Nikampa vidonge, nikamwaga.

Alirudi mara ya pili, akapokewa na mwenzangu, akapewa vidonge vingine. Mara ya tatu alipelekwa katika hospitali kubwa, akachukuliwa kipande kidogo cha lile donge ili kipimwe, akaambiwa jibu litaletwa. Jibu halikuja. Alikuja kuliuliza mara tatu, na kila mara alipoteza siku nzima ya kazi pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Hakuna aliyeweza kumwambia kama kile kipande kilifika, au kilipotea, au kilipimwa na karatasi yake ikawekwa katika faili la mtu mwingine. Mara ya nne hakuja. Alipokuja tena ulikuwa msimu wa mavuno uliofuata, na titi lilikuwa limekwisha kuwa kidonda. Tulimwuguza kadiri tulivyoweza, na kabla ya mvua za masika tukamzika.

Wanaushirika wenzangu, watu wengi husema kwamba wanawake wetu hufa kwa ugonjwa huu kwa sababu huchelewa kuja hospitali. Mama yule hakuchelewa. Sisi ndio tuliochelewa.

Siku chache kabla hajafariki aliniomba nimpangie karatasi zake zilizokuwamo katika mfuko wa nailoni. Humo mlikuwa na kadi za kliniki, nusu yake zimefutika kwa jasho. Na chini ya kadi zile mlikuwa na stakabadhi za kahawa za misimu mitatu, zimekunjwa vizuri. Kila moja ilionyesha tarehe, uzito, daraja, na sahihi ya karani wa mizani. Kahawa ya mama yule ilijulikana ilikopita hata kilo ya mwisho. Kipande cha mwili wake hakikujulikana kilikopita. Tangu siku ile nimekuwa nikingoja nafasi ya kusema nanyi, nanyi leo mmenipa.

Naomba sasa niueleze ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo huzaliana kwa utaratibu. Saratani ni chembe zilizouacha utaratibu huo zikazaliana bila kiasi. Hapo mwanzo hukaa mahali pamoja, na daktari mpasuaji aweza kuziondoa. Zikiachwa, husafiri hadi kwapani, na kutoka huko hadi katika mifupa, mapafu, ini na ubongo. Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana, wala hautokani na kuweka fedha au simu kifuani kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 ulimwenguni waligunduliwa kuwa nao, na wapatao 670,000 walikufa. Wanaume nao huupata, ijapokuwa ni wachache sana, hawazidi mmoja katika kila wagonjwa 100.

Dalili zake mama yeyote aweza kuzijua. Donge jipya katika titi au kwapani, na hasa donge lisilouma, maana mwanzoni mara nyingi haliumi. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoanza kuingia ndani hali haikuwa hivyo kwanza. Damu itokayo katika chuchu. Kidonda kisichopona. Nami naharakisha kuwaambia kwamba madonge mengi ya matiti si saratani. Mama anayekuja kupimwa haji kuhukumiwa. Mara nyingi hurudi nyumbani na moyo mweupe.

Je, ugonjwa huu unatibika? Unatibika, ukiwahiwa. Katika nchi tajiri, wanawake zaidi ya 90 katika kila 100 huwa wangali hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba India ni 66, na Afrika ya Kusini ni 40. Tena, kati ya mwaka 2014 na 2017, wataalamu waliwaandikisha wanawake zaidi ya 2,000 wenye ugonjwa huu katika Namibia, Nigeria, Afrika ya Kusini, Uganda na Zambia, wakawafuatia kwa simu za mkononi kila baada ya miezi 3. Ilipotimia miaka 3, nusu tu walikuwa hai. Lakini hasara ile haikuwaangukia wote sawasawa. Kati ya wanawake Wazungu wa Namibia walikuwa hai 90 katika kila 100. Kati ya wale wa Nigeria, 36. Ugonjwa ulikuwa na jina moja kote. Kilichotofautiana zaidi ni hatua uliyofikia siku ya kugunduliwa, na matibabu yaliyopatikana baada ya hapo.

Hapa ndipo watu wenye nia njema husimama wakasema, "Basi na tununue mashine!" Bwana Mwenyekiti, mwenzetu akilitoa pendekezo hilo, tafadhali tusimpigie makofi upesi. Mashine ya kupiga picha ya matiti, iitwayo mamografia, ni chombo chenye manufaa. Huweza kuona uvimbe ambao mkono hauwezi kuugusa, na nchi nyingi tajiri huwaita wanawake wa miaka 50 hadi 69 wapigwe picha hiyo kila baada ya miaka 2. Lakini huhitaji umeme wa kutegemewa, fundi wa kuitengeneza, na daktari wa kuisoma picha. Katika titi la mwanamke kijana nyama huwa nzito, na picha huwa vigumu kusomeka. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilieleza kwamba mahali ambapo huduma za afya bado ni dhaifu, kuwapiga picha wanawake wote si matumizi mema ya fedha chache zilizopo. Jambo la kwanza ni kumtambua upesi mwanamke ambaye tayari ana dalili, na kumfikisha kwenye matibabu. Yafaa nini kununua mizani mpya ikiwa barabara ya kufikia ghala imekatika?

Mkono uliofundishwa vizuri waweza kufanya kazi kubwa. Katika mji wa Mumbai, India, kazi ilianza mwaka 1998 miongoni mwa wanawake 151,538 wa mitaa ya maskini, wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Nusu yao walipimwa matiti kwa mkono kila baada ya miaka 2, wala si na madaktari, bali na wanawake wa kawaida waliofundishwa kwa majuma machache. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya. Miaka 20 ilipopita ilionekana kwamba waliopimwa kwa mkono waligunduliwa ugonjwa ukiwa bado katika hatua za chini. Na miongoni mwa wenye miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa wanawake wa umri wote pamoja, punguzo lilikuwa asilimia 15, nalo halikuweza kuthibitishwa kwa hakika. Nayasema yote mawili ili nisiwapunje katika mizani.

Vilevile nitawaambia habari ya Shanghai, nchini China. Huko wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa mafungu mawili, na fungu moja likafundishwa kwa bidii kujipima matiti wenyewe kila mwezi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: vifo vya mafungu yote mawili vilikuwa sawa. Kwa hiyo siwezi kuja hapa nikawagawia karatasi za kujipima kisha nikasema kazi imekwisha. Ni vyema mama aujue mwili wake, na akiona badiliko aje upesi. Lakini kujua peke yake hakutoshi, kama vile kumwambia mkulima bei ya mnada hakumfikishi mnadani.

Nataka sasa nikae kidogo katika mfano ulio karibu nasi zaidi, maana hali ya mahali pale yafanana na hali yetu. Ni hospitali ya Butaro, katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda. Ni nchi ya milima, mashamba madogo, na wakulima kama sisi. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 2011, na mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Rwanda na washirika wake wakafungua humo kituo cha saratani. Hapo mwanzo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi Boston, Marekani, ili visomwe. Baadaye maabara ikawekwa papo hapo Butaro. Fikirini jambo hilo: kipande kutoka kwa mkulima wa milimani kilivuka bahari kikapata jibu, kwa sababu kila mkono uliokipokea ulijua kinatoka wapi na kinakwenda wapi.

Wataalamu wa huko waliwauliza wanawake 144 waliotibiwa saratani ya matiti katika Butaro na katika hospitali nyingine ya mashambani, Rwinkwavu, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Robo tatu ya wanawake hao walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Mwanamke wa katikati ya safu, tangu kuiona dalili hadi kwenda kituo cha afya mara ya kwanza, alikuwa amekaa miezi 5. Na tangu kwenda mara ya kwanza hadi kuambiwa ugonjwa wake ni nini, mwanamke wa katikati alikaa miezi 5 pia. Tena waliokwenda vituoni mara 5 au zaidi kabla ya kutambuliwa ndio waliocheleweshwa zaidi. Basi kuchelewa kwa mgonjwa na kuchelewa kwa hospitali vilikuwa sawa katika mizani. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mama yule wa mfuko wa nailoni.

Wenzetu wa Butaro hawakukaa kulaumiana. Walikwenda katika vituo vya afya vya wilaya, wakawafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuzieleza dalili, wakawafundisha wauguzi kupima matiti kwa mkono, wakaweka siku maalumu katika juma kwa ajili ya kazi hiyo. Katika hospitali yenyewe waliwafundisha madaktari wa kawaida na wauguzi kutumia ultrasaundi, chombo kinachotofautisha uvimbe wa maji na uvimbe mgumu. Ikawaje? Katika vituo vilivyopata mafunzo wanawake wengi zaidi walikuja, vipande vingi zaidi vilichukuliwa, na saratani nyingi zaidi ziligunduliwa zikiwa changa. Wengi wa waliokuja hawakuwa na saratani, na kazi ya hospitali iliongezeka. Hiyo ni gharama ya kweli, nami siifichi. Lakini ni gharama gani iliyo ndogo kuliko jeneza?

Katika hospitali yetu sisi tumeanza kwa hatua ndogo. Wauguzi wawili tumepata mafunzo. Tumeondoa makabati ya dawa katika chumba kimoja, tukatia pazia na komeo mlangoni, na humo mwanamke hupimwa na mwanamke mwenzake. Tumechagua siku ya Alhamisi kwa kuwa ndiyo siku ya soko. Mama aliyekuja kuuza ndizi aweza kupita kwetu bila mtu kumwuliza anakwenda wapi. Tumefungua daftari ambalo ndani yake hakuna jina linalofungwa mpaka jibu limepatikana na mwenyewe ameambiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tumejifunza kwamba hospitali nayo huficha maradhi isipofuatia majibu.

Lakini hospitali peke yake haiwezi kumaliza kazi hii, nami nitawaeleza ni wapi tunapokwama.

Kwanza, nauli. Mama huja mara moja, kisha tunamwambia aende hospitali ya rufaa, naye hutazama sakafu. Pili, msimu. Katika miezi ya kuchuma hakuna anayetaka kuacha kahawa iive na kuanguka, na donge lisilouma huambiwa lingoje. Tatu, hofu ya kukatwa titi na kuachwa na mume. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Wako waliokatwa, wakaachwa. Ila yafaa ijulikane kwamba donge likigunduliwa likiwa dogo, mara nyingine daktari huweza kuondoa uvimbe peke yake na kuliacha titi, penye matibabu ya mionzi. Na wagonjwa wengi husaidiwa kwa kidonge kimoja tu kwa siku, kwa miaka 5 au zaidi, baada ya kupasuliwa. Aliyewahi huwa na njia nyingi. Aliyechelewa huwa na njia moja.

Nne, na ndilo kubwa, ni safari ya kile kipande. Kikishachukuliwa hutiwa katika chupa ya dawa iitwayo fomalini ili kisioze. Lakini kisikae humo zaidi ya saa 72, la sivyo baadhi ya vipimo vinavyomwonyesha daktari dawa ya kuchagua huweza kuharibika. Hospitali yetu haina gari la kwenda mjini kila juma. Mara nyingine chupa hubebwa na jamaa wa mgonjwa katika basi, imefungwa katika kitambaa, haina karatasi, na anayeipokea hamjui aliyeileta.

Mwezi Februari mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha tatu kwa nchi zote. Wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe ugonjwa ukiwa katika hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi wote ukamilike katika siku 60 tangu mgonjwa alipokwenda mara ya kwanza. Wagonjwa 80 katika kila 100 waumalize matibabu yao. Wakulima wenzangu, siku 60! Katika siku 60 kahawa yetu huwa imekwisha kupimwa, kukobolewa, kupangwa madaraja na kupelekwa mnadani, na kila gunia lina namba. Hatushindwi na kazi ya aina hii. Tumeizoea kwa miaka kumi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, naleta maombi manne, ambayo nimeambiwa yatasomwa kesho mbele ya Mkutano Mkuu ili wajumbe wayapigie kura.

La kwanza, lori la Chama linalokwenda mjini kila juma katika msimu wa kahawa libebe sanduku la vipande kutoka hospitalini. Sanduku ni dogo, laweza kukaa miguuni pa utingo. Lakini liandikiwe stakabadhi ya nakala tatu kama mzigo mwingine wowote: moja ya mgonjwa, moja ya hospitali, moja ya maabara inayopokea. Karani asiyeweza kuonyesha sahihi ya aliyepokea aulizwe, kama ambavyo angeulizwa juu ya gunia.

La pili, uanzishwe mfuko mdogo wa nauli, kwa senti chache katika kila kilo, kama wanachama wenyewe watakavyokubali. Mwanachama au mke wa mwanachama aliyepewa barua ya rufaa apewe nauli siku ile ile, bila kusubiri kikao. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, kila chama cha msingi kichague mwanamke mmoja mwenye heshima na siri, afundishwe nasi dalili za ugonjwa huu, awe wa kuendewa na wenzake hapo penye mizani. Hatakuwa mganga. Kazi yake itakuwa kusema, "Twende Alhamisi, nitakusindikiza."

La nne, taarifa ya kila mwaka ya Chama iwe na mstari mmoja zaidi baada ya mistari ya tani na shilingi: ni wanawake wangapi waliopelekwa kupimwa, na ni wangapi waliopata jibu katika siku 60. Idadi tu, bila majina. Jambo lisiloandikwa katika taarifa husahauliwa.

Najua yuko atakayeuliza kwa haki kabisa, "Fedha za wakulima ni za wakulima. Hospitali ni ya Serikali. Kwa nini tuichukue kazi isiyo yetu?" Swali hilo ni jema, maana vyama vya ushirika katika nchi hii vimewahi kuumizwa kwa kubebeshwa mizigo isiyo yao. Wazee wenu wanakumbuka kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na baadhi havikupata tena nguvu za kwanza. Siwaombi mjenge hospitali. Siwaombi mlipe mishahara yetu wala mnunue mashine. Nawaomba nafasi ya sanduku moja katika lori ambalo linakwenda mjini hata hivyo. Zaidi ya hayo, mwaka 1995 huko Manchester, Uingereza, wanaushirika wa dunia nzima waliandika kanuni saba za ushirika, na ya saba ni kuijali jamii. Na tukiyaacha yote hayo, mwulizeni karani wenu ni mikono ya nani inayochuma kahawa anayoipima. Mingi ni ya wanawake, ijapokuwa stakabadhi zina majina ya wanaume.

Neno langu la mwisho ni kwenu, baba zangu na kaka zangu. Mkulima mwema hupita shambani akiinua matawi na kugeuza majani. Akiona doa la chulebuni katika tunda moja, hangoji mti wote uwe mweusi. Humwita bwana shamba siku ile ile. Mkeo akikuambia ameona donge, usimwambie tungoje mavuno yapite. Mpe nauli. Mkiweza, nendeni pamoja. Na akirudi amekatwa titi, kumbuka kwamba amerudi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa mama yule hatuwezi tena kuujenga. Lakini katika mkutano huu wamo wanawake wengi, na huenda mmoja wao anajua jambo ambalo hajamwambia mtu. Mama, kama upo, mlango wetu u wazi siku ya Alhamisi, tangu saa mbili asubuhi. Nitakuwapo. Na safari hii sitakuuliza tu kama linauma.

Nakitakia Chama chetu heri ya miaka kumi iliyopita, na baraka katika ile ijayo. Kesho, wajumbe mtakapoinua mikono kupiga kura, nawaomba mzikumbuke stakabadhi zilizokuwa katika mfuko wa nailoni.